Sepetu Kabla ya Mbolea: Namna ya Kuupima na Kuulisha Udongo Uliochoka

Mwaka 1947 Waingereza walishusha mitambo Kongwa, Dodoma, mingine ikiwa imeundwa kutokana na vifaru vya vita, wafyeke pori na kulima karanga katika mamilioni ya ekari za Tanganyika. Timu iliyotangulia kukagua ardhi ilikuwa imetumia wiki chache tu, na maeneo mengi iliyaona kutoka angani au dirishani mwa gari. Hakuna aliyekaa na udongo ule kiangazi kizima. Mvua zilipokatika, ardhi nyekundu ya Kongwa ilikauka ikawa kama tofali, karanga zikagoma kung'oka, na vyuma vya majembe vikalika kwa ule mchanga mkali. Mpango ulifutwa mwaka 1951, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea.

Mwaka 1970, upande wa pili wa bara, kijana mmoja aliyezaliwa Punjab, Rattan Lal, alianza kazi katika taasisi ya utafiti wa kilimo cha tropiki, IITA, mjini Ibadan, Nigeria. Yeye alianza kwa kupima. Alitengeneza vitalu kwenye miteremko ya asilimia 1, 5, 10 na 15, vingine akaviacha vitupu, vingine akavifunika kwa mabua na majani, kisha kila mvua iliponyesha akayakinga maji na udongo uliotiririka na kuvipima. Vitalu vitupu vilipoteza udongo kwa tani. Vile vilivyofunikwa kwa tani 4 hadi 6 za matandazo kwa hekta vilipoteza kidogo mno, hata mlimani. Lal alikaa Ibadan hadi 1987, akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, na mwaka 2020 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Tabianchi inaingia hapa: udongo unaosombwa huondoka na mboji, na mboji ikimalizika kuoza hurudi angani kama hewa ya ukaa. Mita moja ya juu ya udongo wa dunia imeshikilia takriban tani bilioni 1,500 za kaboni itokanayo na viumbe, kiasi kinachozidi kile kilichomo kwenye anga lote. Katika makala aliyoichapisha mwaka 2004, Lal alikadiria kwamba kuurudishia udongo kaboni iliyopotea kunaweza kufidia asilimia 5 hadi 15 ya kaboni inayotokana na kuchoma mafuta na makaa ya mawe duniani. Ni namba ya heshima, lakini haitoshi kumpa mwenye kiwanda ruhusa ya kuendelea kufuka moshi huku akimwachia mkulima wa Mpwapwa kazi ya kusafisha.

Mwongozo huu ni wa mwenye ekari moja hadi tano anayetegemea mvua. Unaweza pia kumfaa anayelima kwa simu akiwa Dar es Salaam, mradi siku moja apande basi aende. Mpangilio wake ndio muhimu: pima, zuia upotevu, ndipo ulishe. Wengi huanza na la tatu, samadi ikamwagwa kwenye mteremko mtupu, na mvua kubwa ya kwanza ikaipeleka kwa jirani wa bondeni.

Hatua ya 1: Chimba mashimo mawili

Subiri siku mbili tatu baada ya mvua nzuri, udongo ukiwa na unyevu bila kuwa tope. Chimba shimo la kina cha sentimita 40 katikati ya shamba, ubavu mmoja uwe wima na umechongwa vizuri kwa sepetu. Kisha chimba la pili mahali pa karibu pasipolimwa: kwenye mpaka wenye miti, pembeni mwa ua, au kando ya njia ya zamani. Vijiji vingi ardhi isiyoguswa na jembe imebaki makaburini, lakini huko usiende na sepetu.

Shimo la pili ndilo mizani yako. Linakuonyesha udongo wa hapo ungekuwaje kama usingechoshwa, na ni afadhali kulinganisha na hilo kuliko na picha ya udongo mweusi wa nchi nyingine. Linganisha rangi ya juu, maana weusi mara nyingi ni dalili ya mboji. Nusa: udongo hai hunukia mvua ya kwanza, uliokosa hewa hunuka kinamasi. Hesabu minyoo na vijitundu vya wadudu kwenye bonge moja la sepetu.

Halafu tazama mizizi, na hapa usiwe na haraka. Mzizi wa mhindi ukishuka wima hadi sentimita 30 na zaidi, huna tatizo. Ukishuka kidogo kisha ukakunja kona na kutambaa kando, umekutana na tabaka gumu lililoshindiliwa na jembe la mkono lililopiga kina kilekile miaka yote, au na plau na kwato za ng'ombe. Chomeka kisu ubavuni mwa shimo kuanzia juu kwenda chini, sentimita mbili mbili. Pale mkono unapolazimika kusukuma, andika kina chake. Mhindi uliofungiwa katika sentimita 12 za udongo hunyauka baada ya jua la siku tano, na mwenye shamba atalaumu mbegu.

Hatua ya 2: Majaribio matatu yasiyo na gharama

La kwanza ni chupa. Jaza theluthi ya chupa angavu kwa udongo uliopondwa, ongeza maji mpaka karibu na mdomo, tia chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, kisha iweke mahali isiguswe. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, vumbi laini la kati huchukua kama saa mbili, na mfinyanzi unaweza kuendelea kutua siku nzima au zaidi. Kila tabaka likitua, weka alama kwa kalamu. Sasa unajua kama una kichanga, tifutifu au mfinyanzi, jambo lisilobadilika hata ulime namna gani. Kichanga hakiwezi kushikilia mboji kwa wingi kama mfinyanzi, kwa hiyo usijilinganishe na mwenye shamba la mfinyanzi wa mbugani.

La pili ni donge. Chukua madonge makavu ya ukubwa wa punje kubwa ya njugumawe, moja kutoka kila shimo, uyaweke taratibu kwenye glasi mbili za maji. Donge lenye mboji na nyuzi za kuvu hukaa likiwa zima dakika tano na zaidi. Lililochoka humomonyoka mara moja na maji yakawa uji. Hicho ndicho kinachotokea kwenye shamba lako matone makubwa ya mvua yanapopiga: chembe huachana, huziba vitundu, na uso wa shamba hupiga ukoko.

La tatu ni kopo. Tafuta kopo lenye mdomo wa kama sentimita 15, likate chini libaki bomba, ulishindilie ardhini sentimita tano. Mimina ndani mililita 450 za maji, yaani chupa ya nusu lita ikipungua kidogo. Hiyo ni sawa na mvua ya milimita 25. Yakishazama, mimina tena kiasi kilekile, na safari hii ndiyo uhesabu dakika, kwa sababu mara ya kwanza ukavu hudanganya. Fanya hivyo pia kando ya shimo la mpakani. Maji yakizama pale kwa dakika nane na shambani yakachukua saa nzima, tatizo lako la ukame limeanza kwenye uso wa ardhi, kabla hujainua macho kutazama mawingu.

Hatua ya 3: Sampuli ya maabara

Tanzania sampuli hupelekwa Mlingano kule Tanga, kwenye vituo vingine vya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, kama Uyole, Selian na Ukiriguru, au Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, Morogoro. Kenya kuna maabara za taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, pale Kabete. Ulizia bei na muda wa majibu kabla ya kuchota, na peleka miezi miwili mitatu kabla ya msimu. Sampuli inayofika mvua zikinyesha hukurudishia majibu ya kutundika ukutani.

Tembea shambani kwa mtindo wa zigizaga. Chota sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 0 hadi 20, kila mchoto uwe na unene uleule kutoka juu hadi chini. Ruka kichuguu, zizi la zamani, palipochomwa takataka, chini ya mti na njiani. Kama shamba lina kipande chekundu cha mlimani na cheusi cha bondeni, hizo ni sampuli mbili. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kamwe usitumie kiroba kilichobeba mbolea. Mimina kwenye turubai, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya tena, rudia mpaka ibaki nusu kilo. Anika kivulini. Andika jina la shamba, kina, tarehe na zao lililopita.

Omba vipimo hivi: pH, kaboni ya viumbe, naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Wakikuuliza kama unataka na madini madogo, jibu linategemea mfuko wako. Lakini kaboni usiiache, hata karani akikuambia wakulima wengi hawaiombi.

Hatua ya 4: Soma majibu, kisha piga hesabu

pH ikiwa chini ya 5.5, shughulika na tindikali kwanza, kwa sababu hapo madini ya alumini huanza kuiumiza mizizi na fosforasi unayonunua hunaswa na udongo. Dawa yake ni chokaa ya kilimo iliyosagwa laini, ikichanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiasi kilichopendekezwa na maabara. Nyanda za Juu Kusini na magharibi mwa Kenya tatizo hili ni la kawaida, Dodoma si sana.

Kwenye kaboni, Jens Aune wa Norway na Lal walichapisha mwaka 1997 kiwango cha kukumbuka: asilimia 1.1. Kwa udongo mwekundu na wa kahawia wa tropiki, chini ya hapo mavuno huanza kudhoofika hata ukiongeza mbolea. Mashamba mengi ya wakulima wadogo yako chini ya mstari huo.

Sasa tuseme majibu yako yanasema asilimia 0.6. Unahitaji nini ufike 1.1? Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa kina cha sentimita 20, na mita moja ya ujazo ya udongo ikiwa na uzito wa tani 1.3, una takriban tani 1,050 za udongo. Nusu ya asilimia yake ni tani tano na robo za kaboni. Mabua ya mahindi, tuchukulie tani mbili kwa ekari, yana kaboni karibu kilo 900, lakini sehemu kubwa huliwa na vijiumbe na kurudi angani. Kinachobaki kugeuka mboji ni chini ya moja ya tano. Ukipata kilo 130 kwa mwaka umepata. Gawanya mwenyewe: kwa mabua peke yake ni miaka 40.

Kuna jambo jingine ambalo mabango ya semina hayalisemi. Mboji haijengwi kwa kaboni tupu. Kila tani ya kaboni inayogeuka mboji hufungamana na takriban kilo 83 za naitrojeni, 20 za fosforasi na 14 za salfa. Kwa tani zetu tano na robo, naitrojeni pekee ni zaidi ya kilo 430, yaani mifuko kama 19 ya urea ya kilo 50. Huna haja ya kuinunua, na ukiimwaga yote kwa mkupuo utaharibu zaidi ya kutengeneza. Lakini sasa unaona kwa nini mtu aliyetandaza mabua makavu miaka mitatu bila kunde wala samadi analalamika kwamba mahindi yamekuwa ya manjano. Vijiumbe vilivyokuwa vikiyala mabua vimeichukua naitrojeni ya udongo.

Hesabu hii isikuvunje moyo. Kazi yake ni kukuchagulia lengo. Hutafika 1.1 mwaka ujao. Mwaka ujao unaweza kuzuia isishuke 0.5, na unaweza kuyafanya maji yazame. Hilo la pili huonekana ndani ya msimu mmoja au miwili.

Hatua ya 5: Zuia maji yasikimbie

Tengeneza kipimo cha herufi A: miti miwili ya mita mbili iliyofungwa juu, fito ya kukata katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Weka miguu pahali palipo sawa, tia alama kwenye fito pale kamba inapopita, geuza miguu, tia alama tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Tembea nacho shambani ukichomeka vigingi kila hatua ambapo kamba inakaa katikati. Huo ndio mstari wa kontua. Vijana wawili humaliza ekari kwa asubuhi moja.

Juu ya mstari huo, chagua kulingana na nchi yako. Mlimani chimba mtaro na urushe udongo upande wa juu: hiyo ni fanya juu, iliyoibadilisha Machakos kutoka vilima vilivyochanika miaka ya 1930 kuwa ngazi za mashamba. Panda majani ya mifugo kwenye tuta ili yalishike. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro, na kwa maoni yangu hakuna mhandisi aliyewazidi: nyasi zilizofyekwa hulazwa katika miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kufukiwa juu yake, kikabaki kishimo kinachokamata maji na tuta lenye mboji inayooza ndani. Wamelima hivyo kwenye miteremko mikali kwa zaidi ya karne moja.

Nchi kavu na tambarare, chimba mashimo. Kijiji cha Chololo, Dodoma, kimetoa jina kwa mashimo madogo ya upana na kina cha kama sentimita 25, yakipangwa kwa mstari, samadi chini, udongo wa juu ukirudishwa mpaka karibu kujaa, na ule uliobaki ukawekwa kama kingo upande wa chini. Yatenga, Burkina Faso, Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023, alifufua ardhi iliyokuwa imepiga ukoko kwa mashimo ya zai na samadi iliyowaita mchwa. Mchwa walipochimba njia zao, maji yalizifuata.

Kuhusu jasho, tusidanganyane. Mashimo yakipishana sentimita 60 kwenye mstari na mistari ikiachana sentimita 90, ekari moja ina mashimo kama 7,500. Ukitia nusu kilo ya samadi kila shimo, unahitaji karibu tani nne. Mgongo wa mtu mmoja haumalizi, na mara nyingi mgongo huo ni wa mama. Anza na robo ekari wakati wa kiangazi kabla ardhi haijakauka kabisa. Mashimo hayahamishwi, mwaka wa pili kazi ni ya kusafisha tu.

Kama kwenye Hatua ya 1 ulikuta tabaka gumu, lipasue mara moja kabla ya kuanza kulima bila kukwatua: kwa jembe la kupasulia linalokokotwa na ng'ombe, au kwa sururu kwenye mistari ya kupandia pekee. Dodoma kuna desturi ya kuberega, kupanda juu ya ardhi isiyotifuliwa baada ya kufyeka na kuchoma. Wataalamu wa semina hushangilia kutotifua, lakini kutotifua kwenye udongo mtupu wenye ukoko ni nusu ya somo. Vitalu vya Ibadan vilifanikiwa kwa sababu vilikuwa vimefunikwa.

Hatua ya 6: Funika, na ulinde ulichofunika

Udongo mtupu wa tropiki unaweza kupita nyuzi joto 40 mchana. Lengo la chini ni theluthi ya uso wa shamba iwe imefunikwa wakati wa kupanda. Kukisia kwa macho kunadanganya, kwa hiyo chukua kamba ya mita 10, tia fundo kila sentimita 10, itandaze mshazari wa mistari, uhesabu mafundo yanayogusa bua au jani. Mafundo 30 kati ya 100 ni asilimia 30. Rudia mahali patatu.

Kupata mabua si kazi ngumu. Ugumu ni kuyakuta bado yapo mwezi wa kumi na moja. Baada ya mavuno, kwa desturi ya vijiji vingi, shamba huwa malisho ya wote. Hapo sayansi ya udongo inakoma na siasa ya kijiji inaanza. Zungumza na wafugaji kabla hawajaingiza mifugo, si baada. Njia iliyo nafuu ni kubadilishana: waache wachukue nusu ya mabua, walipe kwa samadi iliyorundikwa shambani. Kijiji chenye sheria ndogo ya malisho, itumie. Kisicho nayo, peleka hoja kwenye mkutano mkuu ukiwa na majirani watano. Mwenye shamba aliye peke yake hashindi.

Moto ni mwepesi zaidi kuusimamia, maana mara nyingi ni wako mwenyewe. Kuchoma mabua hukupa majivu na magugu machache kwa msimu mmoja, huku karibu kaboni yote na naitrojeni ikipanda angani siku hiyohiyo.

Mchwa wakila matandazo usikimbilie sumu. Wakikosa mabua makavu ndipo huwa wanapenda mahindi mabichi.

Hatua ya 7: Lisha kwa mikono mitatu

Pedro Sanchez, aliyekiongoza kituo cha utafiti wa kilimo mseto na miti, ICRAF, mjini Nairobi katika miaka ya 1990, alifanya maarufu hesabu hii: katika nchi 37 za Afrika, mashamba yalipoteza kwa wastani kilo 22 za naitrojeni, 2.5 za fosforasi na 15 za potasiamu kwa hekta kila mwaka kwa miaka 30. Hicho ni chakula kilichotoka ndani ya magunia kwenda mjini na hakikurudi. Mabua hayawezi kuziba pengo hilo. Ugomvi kati ya wafuasi wa mboji tupu na wafuasi wa mbolea za kiwandani naona ni anasa ya watu wenye mishahara.

Mkono wa kwanza ni mikunde. Mbaazi ikipandwa kati ya mahindi hukua polepole mwanzoni, haigombani nayo, kisha hubaki shambani kiangazi ikidondosha majani na kupenyeza mzizi chini ya tabaka gumu. India ilipoweka ukomo wa kuagiza mwaka 2017 bei yake ilianguka vibaya Kusini na Manyara, kwa hiyo usiipande kwa tamaa ya soko peke yake. Panda ile ambayo familia italila tunda lake hata bei ikifa. Mkoani Ruvuma marejea, mkunde mwingine, imerutubisha mashamba kwa miaka mingi. Penye kiduha, desmodiamu kati ya mistari na majani ya tembo pembeni, mbinu iliyotoka Mbita kando ya Ziwa Victoria, hushusha gugu hilo na viwavi wa mabua kwa pamoja. Mti wa mkababu ukiota wenyewe, usiung'oe: huacha majani yake wakati wa mvua, kivuli kikaondoka pale mazao yanapohitaji jua.

Mkono wa pili ni samadi. Rundo lililoachwa juani na mvuani miezi sita limebaki nyuzi tu. Lifunike kwa majani au turubai, lirundike kivulini, changanya na mabua makavu ili naitrojeni isiruke. Likinuka ukali wa mkojo, unachonusa ni mbolea inayoondoka.

Mkono wa tatu ni mfuko wa dukani, kwa kipimo kidogo na mahali sahihi. Kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia kwa shimo, ikitenganishwa na mbegu kwa udongo kidogo, humfaa mwenye pesa ndogo kuliko kurusha mfuko mzima. Urea igawe mara mbili, iweke ardhi ikiwa na unyevu na uifukie. Iliyoachwa juu hupotea kama hewa. Naitrojeni iliyozidi hutoa pia gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo kwa uzito uleule hupasha dunia joto takriban mara 270 ya hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Ukizidisha mbolea unaweza kufuta faida yote ya kaboni uliyoihangaikia. Penye upungufu wa fosforasi na udongo wenye tindikali, fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa Manyara, hufanya kazi vizuri kuliko kwenye udongo wenye pH ya juu.

Hatua ya 8: Daftari, na kupima tena

Andika tarehe za mvua, dakika za jaribio la kopo, mafundo ya kamba, na madebe mangapi yametoka kila kipande. Acha mistari michache ulime kama zamani, vinginevyo mvua nzuri itajisifia kazi yako, na mvua mbaya itakuharibia jina. Jaribio la kopo na donge lirudie kila mwaka. Kaboni ya maabara irudie baada ya miaka mitatu hadi mitano, mwezi uleule, kina kilekile, maabara ileile. Mapema zaidi ya hapo utakuwa unapima tofauti za kuchota, si mabadiliko ya udongo.

Hatua ya 9: Mgeni wa kaboni akija

Huenda akaja mtu mwenye fulana ya mradi akitaka kununua kaboni ya udongo wako. Msikilize, kisha toa hesabu yako. Katika makala ile ya 2004 Lal alisema nchi kavu zenye joto hupata kati ya sifuri na kilo 150 za kaboni kwa hekta kwa mwaka, na nchi zenye unyevu na ubaridi kilo 100 hadi 1,000. Chukua 150 ya nchi kavu: kwa ekari ni kilo 60, ambazo ukizigeuza hewa ya ukaa kwa kuzidisha na 3.67 ni kilo 220. Tuseme tani moja inauzwa dola 10. Ekari yako imeleta dola mbili na senti ishirini kwa mwaka, kabla ya gharama za kupima, za mkaguzi na za mgeni mwenyewe. Maji yanayozama baada ya Hatua ya 5 yana thamani kubwa kuliko hiyo, nayo hayana dalali.

Kwa mwenye ekari mia za pamoja chini ya ushirika, hesabu inaweza kuwa tofauti, na fedha ya miti au misitu si sawa na ya udongo. Uliza mkataba ni wa miaka mingapi, nani analipa vipimo, nini kitatokea ukame ukishusha kaboni, na kama mtoto wako atafungwa na saini yako. Tanzania miradi ya kaboni ina kanuni zake tangu 2022, na kituo cha taifa kinachofuatilia masuala hayo kipo SUA, Morogoro. Uliza kama mradi unatambulika huko. Mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza peke yake urudishe, omba wa Kiswahili, na usome pamoja na mtu asiye na kamisheni ndani yake.